Barua ya wazi kwa wakuu wa afya: gari la kupima matiti likija Newala, tuambieni linarudi lini

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI,
Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi,
Waheshimiwa wabunge na madiwani wetu,
Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya.

YAH: HUDUMA YA GARI LA UCHUNGUZI WA SARATANI YA MATITI VIJIJINI

Waheshimiwa, tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkulima wa korosho na katibu wa kikoba cha akina mama kwenye kata moja ya wilaya ya Newala. Si daktari wala muuguzi. Haya ninayoyaandika nimeyajua kwa sababu mwenzetu mmoja kikundini aliumwa, na kwenye vikoba mnajua wenyewe, katibu ndiye anayetumwa kuuliza, kusoma, kupiga simu na kurudi na majibu. Ombi letu ni moja: mwanamke anayekutwa na uvimbe siku ya gari asiachiwe kikaratasi akaambiwa aende mwenyewe. Mengine yote humu ni maelezo ya ombi hilo.

Nianze na shukrani, maana si kweli kwamba hakuna kinachofanyika. Wataalamu wa Taasisi ya Saratani Ocean Road wanatoka Dar es Salaam kwenda mikoani kupima saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi. Tangu 2024 tumeona kambi za madaktari bingwa zikipiga hodi hadi kwenye hospitali za halmashauri. Mabinti zetu wanachanjwa dhidi ya virusi vya HPV, vile vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, tangu 2018. Kusini tumejengewa Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mtwara, jambo ambalo wazazi wetu hawakuliota. Kwa hiyo wanaoandika si watu wasioona. Ni watu wanaoona gari likija na muziki, wakaliona linaondoka, kisha wakabaki wanaulizana.

Ilivyokuwa kwetu ni hivi. Gari lilikuwa la nani sitasema, kwa sababu waliokuja walifanya kazi waliyotumwa, na kwa moyo. Tangazo lilipita jioni ya kuamkia siku yenyewe, kwa bodaboda yenye spika. Asubuhi uwanja wa shule ulijaa kanga. Walikuja hata wa vijiji vya bondeni, upande wa mto Ruvuma, ambao kupanda huku juu kwa miguu ni kazi ya kuanza alfajiri. Pembeni mwa gari likafungwa hema la turubai. Pazia lake lilikuwa fupi, na upepo wa Newala, anayeujua anaujua, ukawa unalifunua kila mara huku wavulana wa darasa la saba wamejazana dirishani. Mpimaji alikuwa kijana wa kiume, mpole kabisa, mwenye adabu zake zote, lakini kwa nusu ya wanawake waliopanga foleni alikuwa na umri wa mkwe. Nani anayemvulia mkwe nguo? Wapo waliojifunga kanga zao vizuri wakarudi nyumbani kimyakimya, na katika hesabu ya siku ile hawamo popote.

Mwenzetu hakurudi nyumbani. Alikuwa wa mwanzo kabisa kwenye foleni. Akapimwa, akaambiwa kwenye titi la kushoto kuna kitu, pengine si kitu cha kutisha, ila aende hospitali ya mkoa. Akapewa karatasi ya robo ukurasa iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu: jina, umri, “uvimbe titi kushoto”, “rufaa”. Haikuwa na namba ya simu, wala jina la mtu wa kumpokea, wala siku ya kwenda. Akaiweka ndani ya kitabu chake cha hisa. Vitabu vya hisa tunavitunza kwenye sanduku la kikoba, lile lenye kufuli tatu, kwa hiyo kila Ijumaa tulipofungua sanduku, karatasi ile tuliiona.

Alikwenda. Alipofika, daktari wa kumwona alikuwa likizo, akaambiwa arudi mwezi unaofuata. Mwezi uliofuata korosho zilikuwa zimeanza kuanguka, na korosho ikianguka haingoji. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula, na pengine usiku mmoja wa kulala, kwa mtu ambaye fedha yake yote ya mwaka iko chini ya mkorosho, si jambo la kuamua asubuhi ukaondoka mchana. Alipolipwa mnada wa mwisho ndipo akarudi hospitali. Wakati huo ngozi ya titi ilikuwa imeanza kuvutwa ndani. Leo yuko Dar es Salaam, Mbagala, kwa ndugu wa mume, akienda kliniki kuchomwa dripu. Tunaongea naye. Anaendelea.

Sitaki mtu aniambie alichelewa kwa kutokuelewa. Tathmini ya huduma za saratani ya matiti nchini iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba karibu wanawake 80 katika kila 100 wanaogundulika na ugonjwa huu wanagundulika wakiwa hatua ya tatu au ya nne, yaani ugonjwa umeshakwenda mbali. Kila takwimu hiyo inapotajwa kwenye semina, maelezo yanayofuata ni yaleyale: uelewa mdogo, imani za kishirikina, waganga wa kienyeji. Yapo, sikatai. Waganga tunao, na wengine ni jirani zetu. Lakini mwenzetu alisikia tangazo, akatoka, akapimwa, akaambiwa, akaenda. Kila kitu ambacho kampeni ilimwomba akifanye alikifanya. Ninyi mngemwongezea elimu gani?

Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti ulioanzishwa 2021, limeweka shabaha tatu ambazo hata sisi wa kijijini tunaweza kuzishika kichwani. Angalau wanawake 60 katika kila 100 wanaougua wagundulike hatua ya kwanza au ya pili. Tangu mtu anapofika kwenye huduma mpaka anapopewa jibu la uhakika zisipite siku 60. Na 80 katika kila 100 wanaoanza matibabu wayamalize. Naomba muitazame hiyo ya katikati. Gari linasaidia ile ya kwanza, tena linasaidia sana. Ya pili gari haliwezi kuisaidia kama hapana mtu aliyeandikiwa kazi ya kumfuata yule mwenye karatasi. Ya tatu ndiyo usiseme.

Sasa niseme jambo ambalo halitawafurahisha wote, hasa ndugu zetu wa siasa. Kila anayekuja kuomba kura hutuahidi gari lenye mashine ya mamogramu. Waheshimiwa, kwa vijiji vyetu, kwa sasa, si hilo tunaloanza nalo. Mamogramu ni picha ya mionzi, na kazi yake kubwa ni kuona uvimbe mdogo ambao mkono haujaweza kuushika. Inahitaji umeme usioyumba, mtaalamu wa kupiga, daktari wa kuisoma, na fundi wa kuipima mashine yenyewe mara kwa mara. Barabara ya vumbi haiipendi. Tena kwa wanawake ambao bado ni vijana, titi huwa limeshikana na picha haionyeshi vizuri, na huku Afrika sehemu kubwa ya wanaougua hawajafika miaka 50. Shirika la Afya Duniani lenyewe, kwenye mwongozo wake wa 2014, lilisema wazi kwamba kwa nchi zenye uwezo mdogo na mifumo dhaifu ya afya, uchunguzi wa mamogramu kwa umma wote si mahali pa kuanzia. Kazi ya kwanza ni kuwawahi wenye dalili. Mashine hiyo iwepo hospitali kubwa Mtwara, ihudumiwe vizuri, iwasubiri wanaopelekwa. Vijijini tunaomba mikono iliyofundishwa.

Na mikono si huduma ya maskini kwa maana ya kudharau. Mumbai, India, kuanzia 1998, watafiti waliwafuatilia wanawake zaidi ya 150,000 kwa karibu miaka 20. Nusu yao walipimwa matiti kwa mikono kila baada ya miaka miwili, na waliowapima ni wanawake wahudumu wa afya ya msingi waliopewa mafunzo. Waliopimwa waligundulika mapema zaidi kuliko wenzao, na kwa wenye miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya hapo vifo havikuonekana kupungua, nalisema hilo pia ili asije mtu akanishika uongo. Lakini walipimwa kwa mzunguko, si mara moja na kwaheri.

Jirani zaidi na sisi ni Sudan. Vijijini Gezira, kati ya 2010 na 2012, wanawake wa kujitolea wa palepale kijijini walifundishwa kupima wenzao. Walipima wanawake 10,309. Waliokutwa na dalili walikuwa 138, na 118 kati yao walifika hospitali ya wilaya. Nimezirudia namba hizo mara nyingi, kwa sababu ndani yake mna habari mbili tunazozihitaji. Ya kwanza ni kwamba kati ya wale 118, wanawake 101 hawakuwa na saratani hata kidogo. Kina mama wa kwetu wangejua hilo, wengi wasingekimbia hema, maana huku mtu akisikia uvimbe anaanza kugawa vitenge vyake. Ya pili ni kwamba waliofika hospitali ni karibu wote. Anayekupima akiwa jirani yako, anajua nyumba yako, anajua mumeo yuko shamba gani, na kesho atakukuta kisimani akuulize umekwenda au hujaenda.

Kwa hiyo gari tunalolitaka ni Land Cruiser ya kawaida ambayo halmashauri tayari inayo. Ndani yake wawepo wauguzi wawili wa kike waliofundishwa kupima matiti, mashine ndogo ya ultrasaundi ya kubebwa begani, sindano za kuchukulia kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, na vichupa vya formalini, dawa ya kukihifadhi kisiharibike. Basi. Mama apimwe ndani ya zahanati, chumba chenye mlango na komeo. Hema libaki kwa ajili ya kivuli cha wanaosubiri. Na akina baba wakitaka kuja waje, maana saratani ya titi huwapata nao, japo ni wachache sana, kama mmoja katika kila wagonjwa mia.

Hapo kwenye vichupa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona njia rahisi iliyoachwa. Daktari hawezi kusema hii ni saratani au siyo bila kinyama kutolewa na kuangaliwa maabara. Kinyama chenyewe ni kidogo, kama kipande cha uzi mnene. Kikitolewa kwa sindano kinatumbukizwa kwenye formalini, na utaratibu wa maabara unataka kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72 kabla hakijaandaliwa, ili hata vile vipimo vya kujua kama uvimbe unafuata homoni visiharibike. Saa 72 ni siku tatu. Basi la kutoka kwetu kwenda Dar es Salaam ni safari ya siku moja. Kila siku ya Mungu tunapakia kwenye mabasi hayo mihogo mikavu, korosho zilizobanguliwa, samaki, nguo za wanafunzi na barua za mahakama, na vyote vinafika, na mpokeaji anapigiwa simu kuja kuchukua. Kwa nini kichupa chenye jina na namba hakisafiri hivyohivyo, na badala yake anasafirishwa mama mzima, na mtoto anayenyonya, na dada wa kumsindikiza? Kinyama kiende, mama abaki shambani kwake mpaka jibu litoke. Walio kama wale 101 wa Gezira wasingehitaji kupanda basi kabisa.

Safari yenyewe msiichukulie kirahisi. Kutoka huku hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara maeneo ya Somanga, Kilwa, mikoa ya kusini ilitengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Magazeti yaliandika juu ya malori na bei ya bidhaa. Wenye miadi ya kliniki wiki ile sikuwasoma mahali. Na hata barabara ikiwa nzima, matibabu ya saratani yako kwenye msamaha wa serikali, ndiyo, tunashukuru, lakini msamaha haulipi nauli, haulipi chumba Mbagala, wala haumlishi aliyekusindikiza.

Lingine ni kalenda. Dunia imechagua Oktoba kuwa mwezi wa saratani ya matiti, na riboni za waridi zinatoka Oktoba, na magari yanatoka Oktoba. Huku kwetu Oktoba ni korosho. Ndipo tunapookota, tunapoanika, tunapopeleka ghalani, na minada inafunguliwa. Mwanamke anayeacha kuokota siku mbili anajua kabisa ni kilo ngapi zitaokotwa na wengine. Kisha mnaambiwa mwitikio wa akina mama wa kusini ni mdogo! Gari lije Juni, mvua zimekwisha, barabara za vijijini zinapitika, mikorosho ndiyo kwanza inataka kutoa maua. Lirudi Januari au Februari, fedha ya korosho ikiwa bado haijaisha, mtu aliyekutwa na jambo aweze kusafiri. Hata msipokubali miezi hiyo, waulizeni watu wa kila wilaya. Kwa wavuvi wa Kilwa na Mikindani mtapewa miezi mingine. Wabunge wetu wanajua kupanga ziara zao kwa msimu, sijaona mkutano wa hadhara ukiitishwa siku ya mnada.

Na likija, tarehe ya kurudi ibandikwe siku ileile, palepale kwenye mlango wa zahanati. Mtu anayepimwa mara moja akaonekana mzima anaondoka akidhani ameshamaliza, kama aliyechanjwa. Uvimbe unaweza kuanza mwaka unaofuata. Gari lisilorudi linawaachia wanawake usalama wa uongo, na hilo linanitia wasiwasi kuliko gari lisilokuja kabisa, kwa maana anayejua hakupimwa angalau anajikagua.

Nani afuatilie? Hatuhitaji ajira mpya za ajabu. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na lengo lililotajwa ni wahudumu 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Hao wanakaa nasi. Mmoja katika kila kijiji apewe orodha ya waliokutwa na dalili, majina yasiyosomwa kwenye spika, na kazi yake iwe kuwapeleka mpaka jibu litoke. Apewe vocha ya simu. Apewe namba ya mtu mmoja hospitali ya wilaya, mtu mwenye jina, anayepokea. Rwanda walifundisha wauguzi wa vituo vya afya vya Burera kupima matiti, na hospitali ya Butaro, ambako kuna kituo cha saratani tangu 2012, ikaweka kliniki ya matiti ya kila wiki ili anayetumwa akute mlango wazi. Burera ni vijijini vilevile, milima mitupu. Siku maalumu ya matiti kila wiki katika hospitali zetu za wilaya ingemwokoa mwenzetu na safari ya kukuta daktari yuko likizo.

Kuna watu wengine ambao ninyi hamwaiti kwenye semina, na mimi nawataja bila aibu: makungwi. Mtwara na Lindi mwanamke wa kwanza kumfundisha binti habari za mwili wake ni kungwi, kwenye unyago. Kuna mengi ya kusemwa juu ya unyago na umri wa mabinti wanaopelekwa, na serikali imeyasema, na mengine nakubaliana nayo. Lakini kungwi akimwambia mwanamke mtu mzima “jishike hapa, ukikuta gololi isiyouma usinyamaze”, atasikilizwa kuliko bango lolote. Uvimbe usiouma, chuchu iliyogeuka kuingia ndani, damu kwenye chuchu bila kunyonyesha, ngozi iliyosinyaa kama ganda la chungwa, kidonda kisichopona: hayo matano makungwi wanaweza kuyabeba kichwani na kuyaimba. Na kwa kuwa sisi Wamakonde na Wamakua familia zetu zinafuata upande wa mama, mjomba naye aitwe kwenye kikao. Mara nyingi mume ameshakubali, fedha ya safari iko kwa mjomba, na mjomba hajaambiwa kitu.

Juu ya fedha najua mtakachosema. Mtasema bajeti. Halmashauri zetu zinatoza ushuru wa mazao asilimia 3 kwenye korosho zetu, na Newala na Tandahimba mnajua wenyewe mapato ya ndani yanatoka wapi. Mafuta ya Land Cruiser kuzunguka kila kata mara mbili kwa mwaka, vichupa vya formalini, sindano, nauli ya vifurushi kwenye basi na vocha za wahudumu, hebu viandikwe kama kifungu chake kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, tuvione, madiwani waviulize kwenye baraza. Leo huduma hii inategemea mfadhili ameamka vipi. Akija tunapimwa, asipokuja tunasubiri Oktoba nyingine. Kuhusu sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa 2023, tunaomba tuelezwe kwa lugha nyepesi: kifurushi cha mwananchi wa kawaida kinalipia kuchukuliwa kinyama na jibu la maabara, au kinalipia kumwona daktari tu? Ni swali, silaumu.

Mwisho wa kila kampeni huwa kuna taarifa kwa vyombo vya habari, na ndani yake kuna namba: wanawake kadhaa wamepimwa. Tunaomba namba hiyo isisomwe tena ikiwa peke yake. Kila mganga mkuu wa wilaya, miezi mitatu baada ya gari kupita, aeleze waliokutwa na dalili walikuwa wangapi, wangapi walitolewa kinyama, wangapi walipata jibu, iliwachukua siku ngapi, na wangapi wameanza matibabu. Majina hatutaki, ni siri yao. Tunataka hesabu, ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata pale yanapobandikwa mapato na matumizi ya kijiji. Wilaya ambayo imepima wachache lakini imewafikisha wote ipewe cheti mbele ya ile iliyopima maelfu ikawapoteza.

Kikoba chetu kimekwisha kuanza sehemu yake, tusionekane tunaomba tu. Tumetenga mfuko wa nauli kwenye mfuko wa jamii, mwanachama akipewa rufaa ya aina yoyote anakopeshwa siku hiyohiyo bila riba, hata sanduku lifunguliwe usiku. Tumekubaliana na muuguzi wa zahanati kwamba chumba cha kliniki ya wajawazito kitumike siku gari likija, na tutashona pazia refu wenyewe. Kitambaa tumeshanunua.

Majibu tunaomba yapitie kwa mtendaji wa kata, kwa maandishi, na yaanze na tarehe ya gari kurudi Newala.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa kikoba,
kwa niaba ya wanachama,
Wilaya ya Newala, Mtwara